Kishikio cha Pembeni

Ndege aliyoijenga Jenerali wa Mbao haikuwahi kupanda angani hata kimo cha kuku, lakini ilikuwa imetembea nchi nyingi kuliko mabalozi wengine. Ilisafiri ndani ya makasha, mabawa kando, kiwiliwili kando. Kila ilipofika kwenye maonyesho ya silaha, yeye ndiye aliyeifungua, akaiunga, akaipiga msasa na kuipaka rangi ya kijivu, mpaka ukiitazama kwa mbali ungeapa ni chuma. Mwenyewe hakuwa jenerali wa mtu yeyote. Alikuwa seremala wa kiwanda cha ndege za kivita, na jina hilo alibandikwa na mafundi wenzake siku alipomfokea mgeni mwenye nyota mabegani kwa kuegemea bawa ambalo rangi yake ilikuwa bado mbichi.

Sokoni nyanya unaziminya kwanza ndipo unalipa. Ndege ya kivita hununuliwa kabla haijazaliwa, tena kwa bei ambayo ukitajiwa unaomba maji ya kunywa. Mradi wa kiwanda hiki ulianza binti yake fundi akiwa darasa la tatu. Injini ilisemekana ingekuja mwaka uliofuata. Ilikuja binti mwenyewe amekwisha kuvaa magwanda. Katika miaka yote hiyo, kitu pekee ambacho wanunuzi waliweza kukigusa na kukikalia kilikuwa ile ndege ya mbao, na mtu wa kuwakalisha alikuwa mkuu wa mauzo, ambaye kiwanda kizima kilimwita Bwana Karibuni, kwa sababu hata msibani angekukaribisha ukae kwenye kiti cha rubani.

Sasa, kiti hicho si kiti cha kulia chakula. Chini yake pana baruti. Mambo yakiharibika huko juu, rubani anavuta kishikio cha njano kilicho katikati ya mapaja yake, kiti kinafyatuka naye nje, mwavuli unafunguka, anateremka akiwa hai. Fundi alikichonga kishikio hicho na kukiweka palepale mchoro ulipoonyesha. Lakini katika maonyesho ya kwanza kabisa, mnunuzi mmoja mwenye tumbo la kuheshimika alikaa, mkanda wa suruali ukanasa kwenye kishikio, na wasaidizi wake wakamvuta huku waandishi wa habari wakipiga picha. Aliondoka amenuna.

"Fundi, hicho kidude kihamishie pembeni," Bwana Karibuni akasema.

"Mchoro unasema katikati, mkuu."

"Mchoro haununui ndege. Mteja ni mfalme. Ni kwa muda tu."

Akakihamishia kuume, usawa wa nyonga. Na kama mambo yote ya kwa muda tu, kikakaa hapo miaka na miaka.

Binti yake alilelewa ndani ya ndege ile. Akitoka shule alipitia karakana, akapanda ngazi, akafanyia kazi zake za hesabu kwenye chumba cha rubani, huku mama yake akituma ujumbe wa matusi madogo madogo kwamba chakula kinapoa. Akakua, akaingia jeshi la anga, akawa luteni, na mtaani watu wakasahau jina alilopewa na wazazi wake, akawa Luteni tu. Chombo cha mazoezi, kile ambacho marubani hujifunzia chini kabla ya kupanda juu, kilikatwa kwenye bajeti ya mradi. Marubani wakaambiwa wakajizoeze kwenye ya mbao. Wenzake walinung'unika. Yeye alikaa kama aliyerudi kwao.

Hatimaye ndege ya kweli ikaruka. Mkuu wa marubani aliijaribu mara nyingi, haikuleta ubishi. Zikapangwa siku za kuirusha mbele ya wanunuzi, na rubani aliyechaguliwa alikuwa Luteni. Bwana Karibuni hakulala kwa furaha. Alichapisha mabango yenye uso wa Luteni, mrefu kuliko mlango.

Wiki moja kabla, Luteni alikuwa karakanani, kwenye ndege ya mbao, amefumba macho, akipitisha vidole kwenye swichi moja baada ya nyingine. Baba yake alikuwa nyuma, juu ya ngazi, akishughulika na mkia. Ubao ukamponyoka ukapiga sakafu paa! Kabla binti hajafumbua macho, mkono wake wa kulia ulikuwa umeshakamata kishikio cha pembeni.

"Baba! Umenitisha," akacheka.

Fundi hakucheka. Alishuka, akauokota ubao, akasahau alitaka kuufanyia nini.

Tangu hapo hakutulia. Mchana alikaza bawaba za milango iliyokuwa mizima. Alianza kula, akainuka kwenda kuangalia kama geti limefungwa, akarudi, akainuka tena.

"Una nini wewe?" mkewe akamuuliza. "Unazunguka kama kuku anayetaka kutaga. Kama ni yai, taga tupumzike."

Angemwambia nini? Kwamba mkono wa mtoto wao umefundishwa uongo, na mwalimu ni yeye? Akasema mgongo unamuuma. Mkewe akampa dawa ya mgongo, akainywa.

Siku ya tatu akamngoja binti yake mlangoni.

"Mama, nataka kukuuliza. Kile kishikio..."

"Kiko katikati, Baba. Kwani sijakaa kwenye ile ya kweli mara nyingi?"

"Kichwa kinajua. Mkono je? Juzi ubao ulipoanguka, mkono ulikwenda pembeni."

"Baba, nilikuwa nimekaa kwenye ya mbao! Kwenye ya mbao kiko pembeni. Ulitaka uende wapi?"

Hoja hiyo ilimwingia akilini. Kwa saa kadhaa alipata nafuu, hata akala akamaliza. Kisha akaona tena ule mkono. Haukuwa umeuliza uko katika ndege gani. Ulikuwa umekwenda tu.

Akamfuata uani. "Waambie wakupe muda kidogo. Mwezi mmoja tu. Arushe mwingine."

Luteni alimtazama kama anayemtazama mgeni. "Nimeingoja ndege hii tangu nikiwa na meno ya utotoni. Nikisema naogopa kishikio, nani atanipa nyingine? Usiniharibie, Baba. Nakuomba."

Aliomba kwa adabu, na ndiyo iliyomuumiza zaidi. Kesho yake fundi alikwenda ofisini kwa mkuu wa marubani. Alifika mlangoni akageuka, akaenda mpaka bombani akanawa mikono isiyo na uchafu, akarudi, akabisha hodi.

Mkuu wa marubani alikuwa mtu wa maneno machache. Alimsikiliza mpaka mwisho, akachukua kofia yake. Akamwita Luteni kwenye ndege ya kweli, eti wakague mikanda. Pini za usalama zilikuwa mahali pake, kiti kisingeweza kufyatuka. Luteni akakaa, akafungwa mikanda, akaambiwa asome vipimo kwa sauti. Alikuwa anasoma vizuri, kwa sauti tulivu, mkuu alipopiga bati kwa ngumi na kupaza sauti, "Chomoka!"

Mkono ukaenda kuume. Ukapapasa bati tupu, ukapapasa tena, ndipo ukarudi katikati. Ulikuwa muda wa kupiga chafya. Huko juu, muda wa chafya ni mwingi.

Luteni aliutazama mkono wake. Kisha akainua macho, akamwona baba yake amesimama karibu na bawa, na akaelewa nani aliyemleta pale.

Siku ya wanunuzi, mabango yalikuwa yametundikwa na uso wa Luteni kila upande, lakini aliyepanda ndege ni mkuu wa marubani mwenyewe. Bwana Karibuni alimpita fundi bila kumwangalia, akisema kwa sauti ya kusikika kwamba adui wa mtu ni wa nyumbani mwake. Ndege ikapaa, ikajipindua, ikashuka chini hadi watu wakashika kofia zao. Fundi alikodoa macho juu, na moyoni, Mungu amsamehe, alijikuta anangojea hitilafu. Ndogo tu. Moshi kidogo, injini ikohoe, binti yake aone. Alipojigundua aliona haya hata akatazama chini.

Hakuna kilichokohoa. Ndege ilitua laini, wanunuzi wakapiga makofi, na kabla ya jua kutua Bwana Karibuni alikuwa na saini za kutosha kusahau chuki zake.

Luteni alikuwa kando ya baba yake muda wote, kombati imepigwa pasi.

"Imetua salama," akasema. "Hakuna aliyegusa kishikio chochote."

Akaondoka, na tangu siku hiyo akamnunia.

Fundi alirudi karakanani, akachukua msumeno na patasi, akakirudisha kishikio katikati bila kumwomba mtu ruhusa. Bwana Karibuni alipokuja kuona akashika kichwa. "Na wateja wenye matumbo je?"

"Wavute pumzi ndani."

Baada ya wiki kadhaa za kununiwa, alasiri moja Luteni aliingia karakanani na kofia yake ya urubani. Hakuamkia. Tangu ajue kusema, hakuwahi kuingia mahali alipo baba yake bila kumwamkia. Alipanda ngazi, akafunga mikanda, akafumba macho. Fundi akasimama na randa mkononi, hajui aendelee na kazi au aondoke.

"Haya," Luteni akasema.

Akamwelewa. Akavuta pumzi. "Chomoka!"

Mkono ukaenda kuume.

"Haya," akasema tena, meno yameumana.

Alikuja siku iliyofuata, na zilizofuata. Hapakuwa na salamu, hapakuwa na habari za mama. Baba na mwana waliokuwa wakipiga soga mpaka wafukuzwe mezani walibaki na neno moja kati yao, na hilo nalo la kupigiana kelele. Fundi alimvizia. Alipiga kelele binti akisoma vipimo, akifunga kofia, akipiga miayo. Mkono ulikwenda kuume. Siku nyingine ulikwenda kuume, ukasita, ukageuka. Aliondoka amelowa jasho, na baba yake alibaki anafagia maranda yaliyokwisha kufagiwa.

Halafu ikaja siku ambayo fundi alifungua kinywa, akafika nusu ya neno, na mkono ulikuwa umeshakishika kishikio cha katikati.

Luteni alifumbua macho, akautazama mkono wake kwa muda mrefu. Akaurudisha gotini, akafumba macho tena.

"Rudia, Baba," akasema.

Fundi akajaza mapafu. "Chomoka, Mama!"