Shampanye Niliyotikisa Mbele ya Tata Mukwe

Chekeni tu, bandugu, maana mi mwenyewe niko nasikia haya mpaka leo. Nilikuwa karani mu mine ya shaba ya Kolwezi, na mzungu wa bureau yetu, siku ya kurudia kwao Ubelgiji, akaniachia chupa ya shampanye, akaniambia, "Théodore, iweke baridi, uifungue polepole, bila kelele." Nikajibu "Oui, monsieur" (karani hawezi kusema hakuelewa!), nikaifunika na gunia yenye kuloba maji, kungojea bazazi ya muchumba wangu Alphonsine, bakuje kwangu Dilala kutoa jibu kama batanipa mutoto wao ao hapana.

Bakafika siku ya Mungu kisha misa. Tata Mulumba, baba yake, mutu wa Kasai, kapita mukali wa kusimamia batumikaji, amevaa kofia na suti nyeupe, mupya. Mama mukwe naye amejifunga liputa ya sikukuu. Mi nikatoa chupa, nikaiangalia, nikakumbuka munkoyo yetu ya mahindi, usipoitikisa unga unabakia chini na mugeni anakunywa maji matupu. Nikasema mu roho, hii nayo njo vile. Nikaitikisa! Na mikono yote mbili, na kiburi juu.

Nikatoa kamba ya chuma yenye kufunga kizibo. Alphonsine akasema, "Théo, chupa iko inalia."

"Acha, mi najua bitu ya bazungu."

Paf! Kizibo kikaruka, kikaangusha kofia ya tata mukwe, naye akaanguka nyuma na kiti yake. Mutu wa akili angegeuza chupa pembeni, lakini mi nikakimbia kumuinua, chupa mu mukono, povu yote ikamwangika ku ile suti. Nikageuka na chupa kuomba mama pardon, naye akaloba chapachapa. Nikaziba mudomo ya chupa na kidole (hapo njo nilimaliza mambo), povu ikaruka mpaka ku madirisha. Alphonsine akaninyang'anya chupa.

Nikajua muchumba amenipotea.

Tata Mulumba, angali chini, akalamba povu ku mustashi yake. "Kijana, hii kitu iko tamu. Sasa kwa nini unaimwanga?"

Mama akacheka mpaka machozi. Ilibakia kama glasi moja, tata akainywa yote, akafuta uso, akasema, "Mutoto tunakupa. Lakini chupa, atafungua yeye."

Na njo vile tunaishi. Ku kila sikukuu Alphonsine anakamata kizibo nguvu, anazungusha chupa polepole, mudomo inaangalia ukuta, inatoka pumzi kidogo tu, fss. Mi nashika glasi. Tena kwa mbali.