Mapovu ya Baba Mkwe

Niliyoyafanya kule Nandagala, Ruangwa, nayasema mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wakwe zangu.

Baba mkwe anatengeneza mvinyo wa mabibo wenye mapovu. Mikorosho yake haipuliziwi dawa, na kwenye chupa hatii kitu kingine chochote. Mwaka huu alinikabidhi mimi chupa nizitunze. Kwa ujuaji wangu, kila asubuhi nikawa nalegeza vizibo nisikie kama gesi ipo. Ilikuwepo. Nikaisikiliza mpaka ikaisha.

Siku ya kuja mnunuzi kutoka Dar nikaonja, nikakuta mvinyo umelala kama maji ya mtungini. Nikakimbia dukani kwa Mama Somoe. Akanipa soda sita za limau, kwa sharti nirudishe chupa tupu kabla gari la soda halijafika. Nikarudi mbio, nikazichanganya na mvinyo palepale sebuleni. Niliposikia mgeni anapiga hodi, nikasukumia chupa tupu chini ya meza na kushusha kitambaa.

Mgeni akanywa, akafumba macho. "Mzee, mapovu haya umeyapataje?"

"Ni bibo lenyewe, mwanangu," baba mkwe akajibu, machozi yakimlenga.

"Hatuongezi kitu!" nikadakia, wala hakuna aliyeniuliza.

Mara Mama Somoe akaingia na kreti kichwani. "Shemeji, gari la soda limefika, naomba chupa zangu sita." Kabla sijafungua mdomo, akaziona shingo za chupa zake zikichungulia chini ya kitambaa. Akainama.

"Nyanyua miguu kidogo, mgeni wetu, nizitoe."