Adui wa Angani Aliyetoa Shikamoo

Adui wa tamthilia yetu ya viumbe wa angani nilimbuni mimi, na nilijisifu kweli kweli. Nilimpa pembe za ng'ombe kutoka Igunga na macho matatu ya vibuyu, nikamwambia mwongozaji, "Huyu hana lugha, hana huruma, haogopi mtu." Nyumbani nilikuwa nimewaambia nafanya kazi ofisini, mambo ya kompyuta.

Siku ya kurekodi kule Kwihara, mwigizaji wa huyo adui akaumwa tumbo, nikavaa pembe na macho yale mwenyewe. Nikaibuka shambani nikinguruma, na wanakijiji tuliowakodi wakakimbia vizuri mno. Akabaki mama mmoja ambaye hatukumkodi, jembe mkononi, ananitazama kama mbuzi aliyeingia kwenye karanga zake.

Nikamsogelea nimtishe. Lahaula! Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, kaja kumsaidia shoga yake kupalilia. Kabla sijafikiri, nikainama mpaka pembe zikagusa udongo.

"Shikamoo, shangazi."

Mwongozaji akashika kichwa. Shangazi akaigonga pembe yangu moja kwa mpini wa jembe.

"Marahaba. Kwa hiyo hii ndiyo ile kompyuta?"