Mazoezi ya Moto Yaliyomngoja Mgeni Rasmi

Waliokufa katika moto wa kiwanda cha magodoro hapa Kitengela walikutwa wamelundikana nyuma ya mlango uliofungwa kwa kufuli upande wa nje. Kufuli lilikuwa zima. Liliwekwa ili mtu asitoke na kipande cha sponji chini ya leso, na kwa kweli siku hiyo hakuna kipande kilichotoka.

Mdogo wa jirani yangu alikuwa miongoni mwao. Jirani yangu naye alishona vitambaa vya magodoro hapo hapo, na kiwanda kilipojengwa upya alirudi kushona, kwa sababu watoto wake na wa marehemu walitaka kula. Ombi lake lilikuwa moja: mlango wa nyuma ufunguke kutoka ndani.

Kwenye mazishi tuliahidiwa kwamba sheria itakazwa, na ikakazwa. Kila kiwanda kikatakiwa kuwa na mlango wa dharura usiofungwa watu wakiwa kazini, na kufanya mazoezi ya moto. Chetu kikaondoa kufuli la nje, kikaweka kitasa kipya, kikapaka mlango rangi ya kijani na kuandika TOKEA HAPA kwa herufi ambazo ungezisoma ukiwa barabara ya Namanga. Mazoezi nayo yakapewa tarehe, hema, wapishi na emsii. Sisi tunaopakana na ukuta wa kiwanda tulialikwa kama wadau.

King'ora kilipangwa kulia asubuhi. Asubuhi mgeni rasmi alikuwa bado njiani kutoka Kajiado, kwa hiyo moto ukaahirishwa. Wafanyakazi waliambiwa wakae kwenye mashine zao wakingoja kushtuka. Mchana gari likafika. Mchungaji akaomba. Mgeni akasalimia kwa Kimaasai, "Sopa!" tukaitika "Epa!", akasema Bwana asifiwe, tukaitika hiyo pia, kisha akatukumbusha ni nani aliyeipigania sheria. Tukaingizwa ndani kushuhudia. King'ora kikalia.

Hakuna aliyeondoka. Wafanyakazi walikuwa wameonywa wasiwapite wageni, na wageni walikuwa wanapiga picha.

"Tuwapatie wageni wetu nafasi watoke kwanza, please," emsii akasema kwa kipaza sauti. "Wafanyakazi tuvumilie, huu moto ni wetu."

Mgeni rasmi akatoka kwa mlango wa mbele akipunga mkono, wengine wakimfuata kwa vyeo.

Mimi nilibaki nyuma, kwa hiyo nilimwona jirani yangu akiongoza mstari wake hadi mlango wa kijani, kama walivyofundishwa wiki nzima. Akasukuma. Akasukuma tena kwa bega.

"Imefungwa."

"Mathe, weka nguvu," mbebaji mmoja wa sponji akamtania. "Ama unaogopa kuchafuka rangi?"

"Kuja usukume wewe mwenye nguvu."

Mbebaji akasukuma. Akaacha kucheka.

"Key iko kwa supavaiza," mtu akasema.

"Na supavaiza ako wapi?"

"Ako kwa hema. Anapakuliwa nyama."

"Basi tuchomeke polepole, amalize kula," mwanamke mwingine akasema, na mstari mzima ukaangua kicheko. Jirani yangu hakucheka. Kiganja chake kilikuwa bado kwenye mlango.

Supavaiza alikuja na mfupa mkononi.

"Mama, usiniaibishe mbele ya wageni," akanong'ona. "Ingekuwa moto ya ukweli ningefungua."

"Ile siku pia kulikuwa na mtu wa kufungua," akamjibu. "Alikuwa ameenda lanchi."

Wakati huo, hemani, mgeni rasmi alikuwa akitangaza kwamba wafanyakazi wote wametoka salama. Tulimsikia kwa kipaza sauti tukiwa bado ndani, tukapiga makofi. Kiwanda kikapewa cheti, na cheti hicho kimetundikwa mapokezi, kwenye fremu ya kioo.

Jumatatu meneja alimwita jirani yangu ofisini. Hakumfuta kazi. Alimwambia tu kwamba wenye maswali mengi huwa hawaongezewi mkataba, na kwamba wake unaisha mwezi huu. Halafu, ili asionekane mtu mbaya, akaamuru msumari upigiliwe kando ya mlango wa kijani, ufunguo utundikwe hapo ambapo kila mtu ataufikia.

Msumari umepigiliwa. Jana nilimkuta jirani yangu akianua nguo, nikamwuliza kuhusu ufunguo.

"Wanasema unachongwa," akasema. "Hata mkataba wangu mpya wanasema unachapishwa."

Leo asubuhi ameenda kazini.