Viti Viwili vya Wazungumzaji

Katika mtaa wetu hapa Mbeya, Mnyakyusa wa kwanza kurudi na diploma ni mimi. Kwa hiyo mkutano wa kuandikisha kinamama darasa la kusoma niliupanga mwenyewe, kwa rula: meza ya majina mlangoni, viti viwili vya wazungumzaji mbele. Kinamama walikuwa wamesema hawajiandikishi mpaka wamsikie mwanamke mwenzao, nikamteua mke wangu, Subilaga.

Asubuhi ile mwenyekiti wa mtaa, mzungumzaji wa pili, akakwama Rujewa kwa matope. Mimi nikubali kushindwa? Nikamketisha baba yangu mzazi kwenye kiti chake, nikamwita Subilaga.

Alichungulia mlangoni, akarudi nyuma. "Siwezi, mume wangu."

"Usiogope watu!" Nikamvuta mkono mpaka ndani.

Akajifunika kanga usoni, akaingia chini ya meza ya majina. Baba naye akarukia nje kupitia dirishani, kofia ikabaki kitini.

Mama mmoja akanikabidhi kalamu yangu, machozi ya kicheko yakimtoka. "Hata mtoto wa Kinyakyusa anajua mkamwana hatazamani na baba mkwe! Shika, Bwana Diploma. Wa kwanza kuandikishwa darasani ni wewe."