Karatasi ya Kufungia Mandazi

Tulipofungua shule mwaka wa 2008 baada ya machafuko ya uchaguzi, mwalimu mkuu alinipa kazi ambayo hadi leo nikiikumbuka najichukia. Nilikuwa mwalimu wa kompyuta katika shule ya kutwa pembezoni mwa Nakuru. Wanafunzi wengine walikuwa wamehama, wengine walikuwa wageni kabisa, naye alitaka kila mmoja aingizwe kwenye kompyuta: jina kamili, mzazi, simu, anakoishi sasa, na kwao asili.

"Nisione nafasi tupu," alisema.

Msichana mmoja wa kidato cha pili alisita alipofika kwenye hilo la mwisho. Siku zile jina la baba na kwao vilitosha kumjulisha mtu wewe ni kabila gani. Nyumba yao ilikuwa imechomwa. Yeye na mama yake, fundi wa kushona nguo, walikuwa wamepata chumba katika mtaa ambako watu wa kwao hawakutakiwa. Mama alijitambulisha kwa jina la ubatizo peke yake, na mwenye nyumba hakuuliza zaidi.

"Mwalimu, si hii itabaki tu kwa kompyuta?"

"Iko na password," nikamwambia. "Hata mwalimu mkuu haijui."

Niliringa na password ile kama mtu aliyenunua kufuli jipya. Basi msichana akaniambia yote, nami nikaandika yote, hadi nambari ya ploti walikopanga.

Printa ya shule haikuwa na wino, kwa hiyo nikabeba orodha kwenye flash disk hadi saiba moja mjini, duka la intaneti na kuchapisha. Kurasa za kwanza zilitoka vibaya, mistari ya chini imekatwa. Nikazitupa kwenye katoni iliyokuwa chini ya meza. Kila saiba ilikuwa na katoni kama ile, na akina mama wa vibanda walipita kuchukua karatasi za kufungia mandazi. Usiniulize kama nilijua. Nilijua. Miaka nenda miaka rudi nilikuwa nimekula mandazi yaliyofungwa kwa mitihani ya watu na barua za watu za kuomba kazi, nikisoma na kucheka huku natafuna.

Wiki mbili baadaye, mama yake yule msichana alikuja shuleni. Alitoa karatasi kwenye mkoba, akaikunjua mezani pangu. Ilikuwa na madoa ya mafuta, lakini jina la bintiye lilisomeka vizuri, na kila kitu kilicholifuata. Mwenye nyumba alikuwa amenunua mandazi ya chai ya asubuhi, akasoma wakati anakula. Alikuwa amewapa hadi Jumamosi wawe wametoka.

"Mwalimu, hii ni kazi yako?"

Nikaanza kumweleza habari za saiba na printa na wino.

"Sijauliza mambo ya saiba. Nimeuliza kama ni yako."

"Ni yangu, mama."

"Haya. Asante."

Akaikunja tena, akaondoka nayo. Afadhali angenitukana.

Mwalimu mkuu nilipomweleza, alisema karatasi ni karatasi, na watu wa saiba ndio wazembe. Nilimchukia kwa maneno hayo, na nilijichukia zaidi kwa sababu niliyapenda kidogo.

Msichana alirudi darasani Jumatatu iliyofuata. Hakuna aliyejua walikolala, na hakuna aliyethubutu kuuliza, ila mwalimu mkuu, ambaye alitaka orodha irekebishwe. Nikamwita msichana kwenye chumba cha kompyuta. Nilimwomba msamaha, akatazama sakafu. Kisha, Mungu anisamehe, nikafungua orodha kwa ile password yangu, nikamuuliza siku hizi wanaishi wapi.

"Wacha tu hiyo ya zamani, mwalimu," akasema. "Huko walishajua."