Hakutaja Jina Langu

Sogeza kiti, wewe unayejifunza kazi ya ushauri nasaha. Nitakueleza jinsi tulivyoifanya hapa Isiolo mwishoni mwa miaka ya sabini na katika ile ya themanini, na sitaipamba. Wengine watakuambia kwamba ni kazi ya kuwatia watu moyo. Ni kweli, na ningependa uipende kama nilivyoipenda. Lakini kazi hiyohiyo ndiyo iliyoniondolea mjomba wangu, na mpaka leo hakuna aliyeniambia pole.

Kabla ya hapo nilikuwa msaidizi wa wodi hospitalini. Kituo kidogo cha ushauri kilipofunguliwa mjini, Matroni alinipendekeza. Alisema wagonjwa waliokuwa wakilia walinyamaza mara tu nikiingia. Nilikwenda na sifa hiyo kifuani. Siku ya kwanza nilimkuta Mkufunzi, bwana mrefu aliyetoka Nairobi, akisukuma meza kwa goti hadi ukutani ili viti viwili vibaki bila kitu katikati. Nilipomweleza maneno ya Matroni, alicheka.

"Wananyamaza? Basi tuna kazi, Halima. Hapa tunataka waseme."

Tulikuwa wanafunzi wachache. Aliyekaa karibu nami alikuwa Akiru, mama wa Kiturkana kutoka Ngaremara, mcheshi asiyeogopa mtu. Mkufunzi alitufundisha kwanza kukaa kimya. Mteja, yaani mtu aliyekuja kushauriwa, akimaliza kusema, usiharakishe kujibu. Ngoja. Mara nyingi jambo lenyewe bado liko nyuma.

"Bwana Mkufunzi," Akiru akasema, "kwetu mtu akinyamaza hivyo tunamtikisa bega tuone kama yuko hai."

Kisha alitufundisha kuakisi, yaani kumrudishia mteja maneno yake kwa namna ambayo anayasikia upya. Mama akisema, "Mume wangu amehamia kwa mke mdogo na watoto wangu hawana maziwa," usimwambie avumilie. Mwambie, "Umeachwa peke yako na watoto." Linaonekana jambo dogo. Jaribu, utaona linavyouma kulizuia shauri ambalo tayari liko ulimini.

Mengine tulijifundisha wenyewe. Sisi Waborana tukikutana tunaulizana habari za watu, za mifugo, za mvua, na kila swali hujibiwa kwa amani, hata kama mtu ametoka kuzika asubuhi hiyo. Habari yenyewe hutolewa salamu zikiisha. Kwa hiyo mteja wa kwetu ukimkatiza salamu, umeikata habari pia. Mkufunzi aliliona hilo kwangu, akaliandika, akawaagiza wenzangu wanifuate. Alikuwa mwalimu mzuri. Nalisema kwa sababu ni kweli, si kwa sababu ninataka kulisema.

Sasa nifike kwenye duara. Kila Ijumaa, wenzetu wakisharudi kutoka msikitini, tulipanga viti mviringo tukafunga mlango. Hapo hakukuwa na mteja. Tulijitazama sisi wenyewe. Sababu yake ni hii, na uishike vizuri: kidonda chako ambacho hukijui kitamjibu mteja kabla yako. Kama unaogopa ulevi wa baba yako, kila mlevi atakayeketi mbele yako utamhukumu. Kwa hiyo kila mmoja alitakiwa kuleta jambo lake. Na kila Ijumaa Mkufunzi alianza kwa maneno yaleyale.

"Kinachosemwa hapa kinabaki hapa."

Miezi ilipita nikiwa msikilizaji tu. Akiru alieleza jinsi alivyomchukia mwanawe wa kwanza kwa sababu alifanana na mume aliyemtoroka. Alilia, tukalia naye. Mimi nilileta vijambo vidogo vya wodini. Siku moja Mkufunzi akanigeukia.

"Halima, wenzako wanakuonyesha nyumba zao. Wewe unatuonyesha ua tu. Utamwombaje mteja afungue mlango ambao wewe umeufunga?"

Sikulala vizuri juma lile. Ijumaa iliyofuata nilisema. Mama yangu alipooza tukiwa Merti, nikamuuguza miaka mitatu, mimi binti wa pekee. Nilimgeuza, nilimlisha, nilimwosha. Mwishoni alikuwa akiita jina langu mchana kutwa, na hakuwa akinitambua nilipofika. Na mimi nilitoka nje, nikasimama upande wa pili wa zizi, nikamwomba Mungu amchukue. Nilimwomba siku nyingi. Alipokufa, jambo la kwanza nililohisi ni mgongo wangu kupumzika.

Hakuna aliyenikemea. Mkufunzi alingoja kimya kama alivyotufundisha, kisha akasema, "Ulichoka, na ulimpenda." Basi. Nilitoka pale nikiwa mwepesi. Juma lililofuata alikuja mama mwenye mtoto asiyeweza kutembea, akaniambia kwa aibu kwamba kuna asubuhi hataki kuamka amwone. Zamani ningemnyamazisha kwa maneno ya dini, kama nilivyowanyamazisha wale wa wodini. Safari hii niliweza kumsikiliza hadi mwisho. Alirudi mara nyingi. Ndiyo maana sikubali mtu aliyeniumiza kuliko wote aitwe mwalimu mbaya. Uchungu wangu ungekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mwalimu mbaya.

Karibu na mwisho wa mafunzo, Mkurugenzi wa kituo aliandaa semina ili wakubwa wa mji waielewe kazi yetu. Walikuja machifu, walimu, shehe, mchungaji, wazee kutoka sehemu za mbali wilayani. Wanafunzi tulikaa nyuma. Mzee mmoja aliuliza, kwa haki kabisa, watu hawa watawashaurije wengine, wao ni malaika? Mkufunzi akafurahia swali. Akasimama katikati ya ukumbi.

"Nitawapa mfano," akasema. "Kuna mwanafunzi wetu mmoja, sitataja jina. Alimuuguza mama yake kule Merti, mama aliyepooza, miaka mitatu. Akafika mahali pa kumwombea kifo. Alipopata ujasiri wa kutuambia, alibadilika. Leo ndiye mshauri bora kati ya wote."

Alikuwa akinisifu. Ungeuona uso wake.

Sasa nikueleze kosa lake, kwa sababu nawe unaweza kulifanya. Kule alikotoka yeye, ukificha jina umemficha mtu. Hapa kwetu mgeni akiingia nyumbani, jina ni la mwisho kuulizwa. Anaulizwa ni wa nani, ukoo gani, wananywesha wapi, walihama lini. Wazee wale walihitaji Merti na kupooza tu. Hata sentensi haikuwa imeisha, vilemba vilianza kugeuka kimoja kimoja kuelekea nyuma. Akiru alinishika mkono chini ya kiti, akaubana mpaka ukauma.

Nilimfuata Mkufunzi ofisini.

"Sikutaja jina lako," akasema kabla sijakaa.

"Bwana Mkufunzi, ulimtaja mama yangu."

"Lakini ilikuwa sifa, Halima! Wazee wameielewa kazi yetu leo kwa sababu yako."

"Wamenielewa mimi."

Akaegemea kiti chake. Nilidhani anafikiri. Kisha akaniuliza, kwa sauti ile laini ya kikao, "Unahisi hasira?"

Nilitoka. Ukijifunza kuakisi, usiutumie kamwe ufundi huo kumkwepa mtu uliyemkosea.

Habari ilifika sokoni kabla yangu. Kina mama wauza maziwa walinikaribisha kama kawaida, ila mmoja aliyekuwa akipima maziwa ya ngamia alijifunika uso kwa shungi.

"Halima, usinitazame hivyo, mwenzangu. Mimi bado nataka kuishi!"

Walicheka wote. Akiru, aliyekuwa nami, akamjibu, "Kwa maziwa haya yenye maji, wateja wako ndio watakaokuombea." Walicheka zaidi, lakini tayari nilikuwa nimekatwa.

Mjomba Guyo, kaka mkubwa wa mama, ndiye aliyenisimamia nilipoolewa, na ndiye aliyebaki kuwa mzazi wangu baada ya baba na mama. Alishuka kwenye lori la mbuzi kutoka Merti, vumbi mpaka kwenye kope, akaja moja kwa moja nyumbani. Nilimtandikia mkeka, nikaweka chai. Tukasalimiana. Watu? Amani. Mifugo? Amani. Nyasi? Amani. Alienda polepole, hakuruka hata kitu kimoja, na mimi nilijibu nikijua kinachokuja. Salamu zikaisha.

"Halima, dada yangu aliuawa na ugonjwa, au aliuawa na dua?"

"Ugonjwa, Mjomba."

"Maneno yale uliyasema, au wamekusingizia?"

Ningeweza kukana. Angeniamini, maana alitaka kuniamini. Alilishika lile neno "wamekusingizia" kama mtu anayekunyooshea kamba. Lakini nilikuwa nimetumia mwaka mzima kujifunza kutojidanganya, na sikuweza kuanza upya mbele yake.

"Niliyasema. Nilikuwa nimechoka, Mjomba. Nilimwona anateseka."

"Uliyasema mbele ya nani?"

"Mbele ya wenzangu wachache. Mlango ulikuwa umefungwa."

"Mimi nimeambiwa na dereva wa lori," akasema, "mbele ya watu waliokaa juu ya mbuzi."

Akasimama. Chai hakuigusa. Mlangoni akavaa viatu, akaenda. Alipitisha miaka yake iliyobaki bila kula kwangu. Nikimkuta mnadani, nilimwambia salaam aleikum, akaitikia, kwa sababu salamu hiyo lazima iitikiwe. Alipofariki nilipata habari siku alipokwisha kuzikwa.

Cheti nilikipata. Nilipewa chumba chenye viti viwili, na kiti cha pili kilibaki kitupu. Nani angekuja kumwambia siri mtu ambaye siri yake ilitembea kwenye lori? Mkurugenzi aliniita.

"Hapa wanakujua mno, Halima. Nenda Ngaremara ukaanze upya."

Nilifanya kazi Ngaremara, kando ya barabara kuu, nikisaidiwa na Akiru aliyenitambulisha kwa Waturkana wenzake kwa maneno haya: "Huyu ameshatukanwa yote, hamtamwambia jipya." Walicheka, wakaja. Baadaye nilihamishiwa Kinna, kwa wakulima wa mifereji na wafugaji, na huko ndiko nilikokaa zaidi. Mkufunzi alipandishwa cheo akarudishwa Nairobi kuwafundisha walimu wa washauri. Tulimfanyia sherehe ya kumuaga. Aliniaga kwa mikono miwili, akasema nilikuwa fahari yake.

Miaka ya themanini ikielekea mwisho, nililetewa Kinna mwanafunzi wa kike kutoka Nairobi aje kufanya mazoezi chini ya usimamizi wangu, yaani anieleze vikao vyake nami nimwongoze. Tulikuwa tukinywa chai, nikamuuliza alifundishwa nini kuhusu kujitazama.

"Mkufunzi wetu hutupa mfano mmoja, Mama," akasema kwa furaha. "Kuna binti wa huku kwenu alimuuguza mama yake aliyepooza, akamwombea kifo. Ni mfano unaogusa kweli! Hataji jina, lakini."

Nilimmiminia chai. Sikumwambia. Nilikaa kimya kama nilivyofundishwa, na kimya hicho hakikuwa na hekima yoyote ndani yake.

Tangu Mjomba aondoke nilibadilisha namna yangu ya kuanza kikao. Salamu zikiisha, nilimweleza mteja mambo yake yatafika wapi. Nilimwambia, "Nina msimamizi, na mara nyingine huniuliza kuhusu kazi yangu. Ukitaka asijue, niambie sasa." Wengine walinyanyuka wakaenda zao. Mkurugenzi alilalamika nikiwa Kinna kwamba ninawafukuza watu. Nilimjibu kwamba waliobaki walibaki wakijua.

Nimestaafu sasa. Watu hunitarajia niseme nimesamehe, kwa sababu mshauri mzee anatakiwa awe amesamehe. Sijasamehe. Nimejifunza kukaa na hilo bila kulipamba, na hata huko ni kukua, ingawa si kule nilikoahidiwa kwenye duara. Wewe unaanza, na nakuona una moyo wa kazi hii. Usiogope kujitazama, mimi kulinisaidia, na wateja wangu kuliwasaidia. Ila fanya jambo moja kila siku ya kazi. Mtu akiketi mbele yako, kabla hajaanza, mtajie kila mtu atakayesikia maneno yake, kisha nyamaza umwache aamue kama atasema au ataondoka.